Kovu la Muoki

"Nimemfuata Muoki," alisema Kanini, akaketi kwenye benchi la wateja kabla hajakaribishwa, kiondo chake akakipakata.

Ndila aliyasikia maneno hayo akiwa amempa mgongo. Alikuwa anapanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangika tangu asubuhi. Hii ilikuwa mara ya tatu. Mara ya kwanza mjane huyu alikuja mwezi wa tatu, vumbi la kwao Gatuanyaga limemganda hadi kwenye kope. Mara ya pili alikuja mwezi wa tano, viatu vimejaa matope, akaviacha mlangoni asichafue sakafu ya watu. Sasa ulikuwa mwezi wa saba, baridi imeishika Ruiru yote, na mama wa watu amejitanda shuka mbili juu ya koti. Kutoka kwake mpaka hapa Gatongora ni pikipiki, kisha gari hadi Thika, kisha gari jingine, kisha miguu. Kwa mtu anayekaribia miaka sabini hiyo si safari, ni adhabu.

"Mwaitu," alisema Ndila, kwa neno lile ambalo binti wa Kikamba humwitia mamake, "ile mashine bado iko kwa fundi."

"Bado?"

"Bado. Wanangojea kipuri."

"Hicho kipuri kinatoka wapi, mbinguni?"

Ndila alicheka kicheko cha kununua muda. Mashine hiyo, kompyuta yake ya kazi, haikuwa kwa fundi yeyote. Ilikuwa chini ya meza, hatua mbili kutoka kwenye miguu ya Kanini, imefunikwa leso kuukuu. Kama yule mama angenyoosha goti lake la baridi yabisi angeigonga.

"Jumamosi ya wiki ijayo tunaweka jiwe," Kanini aliendelea. "Mwaka umetimia. Fundi wa mawe pale Thika anataka picha kufikia Jumatano, aichome kwenye kigae. Nilimpelekea ile ya suti, akaisifu sana. Nikamwambia airudishe. Ile ya suti ninayo, nyumba nzima inayo, hata kuku wangetaka kuilalia ingewatosha. Mimi nataka ile ya kitambulisho. Vile alivyokuwa kabla hujamsafisha."

"Utaipata, mwaitu."

"Ulisema kwako hapotei mtu."

"Nilisema."

Kanini alimtazama kidogo, si kwa hasira, kama mtu anayetazama mawingu akipima kama kuna mvua. Kisha akachomoa kwenye kiondo mfuko wa ndengu, akauweka juu ya meza. Za shamba, alisema. Mvua ilikuwa haba lakini zilijikaza. Akainuka kwa kushika ukuta, akaaga, akatoka.

Ndila aliitazama mifuko miwili ya nyuma iliyokuwa kwenye rafu, ule wa mwezi wa tatu na ule wa mwezi wa tano. Hakuwa amepika hata punje moja. Alikuwa amechoka, na si uchovu wa kulala ukaisha. Ulikuwa uchovu wa mtu anayeubeba uongo ambao kila mwezi unazidi kunenepa.

Duka lake lilijulikana kotekote. Ukutani marehemu walikuwa wamepangwa safu kwa safu, majalada ya vijitabu vya mazishi alivyovichapa kwa miaka kumi na minne, na wote, wakubwa kwa wadogo, walivaa suti. Suti zenyewe zilikuwa mbili tu, ya buluu na nyeusi. Ndila alizihifadhi kwenye kompyuta, akawavalisha waliokuja na fulana, waliokuja na mashati yaliyochanika kola, na mmoja aliyekuja kifua wazi kwa kuwa picha pekee aliyoiacha duniani ilipigwa mtoni. Nusu ya makaburi ya huku yamewalaza watu waliochuma kahawa na kuchunga mbuzi maisha yao yote, lakini ukiwaangalia kwenye karatasi utadhani walikuwa mameneja wa benki.

Muoki naye alipata ya buluu. Mkewe alimleta ndani ya kitambaa cha mkononi, kwenye kitambulisho cha kale, siku moja kabla ya kukipeleka kwa chifu. Maana mtu akifa kitambulisho chake hurudi serikalini. Picha nyingine hakuwa nayo hata moja. Katika kila harusi, kila ubatizo na kila mahafali, wakati watu wanajipanga kupigwa picha, Muoki alikuwa nyuma ya nyumba anageuza mbuzi motoni. Ndila alikiskani kile kitambulisho, akaifuta ile mistari ya serikali inayopita juu ya uso, akalainisha ngozi, akaondoa kovu lililokata nyusi, akamfunga tai. Kazi ya dakika ishirini. Kisha akamwambia mjane, kwa majivuno ya fundi anayejua kazi, "Usiwe na wasiwasi, mwaitu. Ile ya mwanzo nimeiweka. Kwangu hapotei mtu."

Na kweli hakupotea mtu, mpaka mwezi wa pili.

Programu aliyoitumia kupanga kurasa ilikuwa ya kulipiwa kila mwezi, na bei yake ilipanda kila dola ilipopanda. Ndipo kwenye kundi la simu la wachapaji wa Ruiru na Juja likaingia tangazo: punguzo la asilimia tisini, leseni ya maisha, ofa ya siku tatu. Ndila hakuwa mjinga. Aliuliza maswali. Muuzaji akajibu yote kwa adabu, kila ujumbe ukianza kwa Bwana asifiwe. Hata hivyo Ndila alisita, mpaka alipotumiwa stakabadhi. Stakabadhi ile ilikuwa na muhuri. Muhuri wa duara, wa rangi ya buluu, tarehe katikati, sahihi imepita juu yake kwa mkato. Moyo wake ukatulia pale pale.

Hapo ndipo penye kichekesho, kama kuna mwenye nguvu za kucheka. Pale dukani, karibu na dirisha, kuna mashine ya kuchonga mihuri. Ndila ndiye aliyewachongea makanisa, vyama vya akina mama, vikundi vya bodaboda, hata mawakili wawili. Mtu huja na jina kwenye kikaratasi, anakunywa chai hapo kwa jirani, akirudi anaukuta muhuri wake tayari, na hakuna anayemwuliza yeye ni nani. Ndila alijua kuliko mtu yeyote Ruiru kwamba muhuri ni mpira na wino. Lakini kinyozi hajinyoi. Aliuona muhuri akasadiki, kama wateja wake wote wanavyosadiki.

Aliambiwa azime kinga ya virusi ili programu iingie vizuri, akaizima. Aliambiwa achomeke diski ya akiba yenye nakala za kazi zote, ile aliyoifungia kabatini ndani ya kitambaa cha kanisa, ili programu iziweke kazi zake za zamani katika mpango mpya, akaichomeka. Programu ilifanya kazi siku nne, tena vizuri. Siku ya tano alipowasha kompyuta alikuta kila faili imegeuka jina, limekuwa fujo la herufi na tarakimu, na barua ya Kiingereza kwenye kioo inadai fedha. Alituma. Ikadai tena. Akatuma tena. Kisha namba ya muuzaji haikupatikana tena, hata kwa Bwana asifiwe.

Watu elfu moja na zaidi walikuwa mle ndani. Ndila aliifunika mashine kwa leso, akaazima laptopu ya binti wa dadake, akaendelea na kazi. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na kwa uso gani?

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kanini alipoondoka na baridi yake mara hiyo ya tatu, Ndila hakupata usingizi wa maana, na Ijumaa asubuhi akaifunga mashine pamoja na diski ndani ya gunia, akaipeleka Thika.

Fundi aliyeelekezwa kwake aliitwa Ouma, mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ofisi yake ghorofa ya pili juu ya duka la mbegu. Aliiwasha mashine, akasoma ile barua ya Kiingereza kwa utulivu wa mtu anayesoma menyu ya hoteli anayokula kila siku.

"Nani alikuambia uzime kinga?"

"Muuzaji."

"Na diski ya akiba je?"

"Yeye pia."

Ouma alivua miwani. "Madam, mwizi amekuomba ufungue mlango, kisha akakuomba umletee na vitu vya jirani, nawe ukamletea."

"Najua."

"Hii kitu imekaa tangu lini?"

"Februari."

"Februari! Sasa ulikuwa unangoja nini?"

"Nilikuwa naona haya," Ndila alisema. Neno lenyewe lilitoka dogo, akashangaa kwamba ndilo hilo tu, miezi mitano yote, nalo linatoshea kwenye pumzi moja.

Ouma alihangaika na mashine kwa saa mbili. Alijaribu hiki, akajaribu kile, akapiga simu kwa mtu, akaguna. Mwishowe akazungusha kiti. Hazifunguki, alisema. Ufunguo anao mtu mmoja tu, na mtu huyo huenda hata hayuko nchi hii, na hata akilipwa hatatoa.

"Usijione peke yako," akaongeza, akidhani anafariji. "Wewe ni wa sita mwaka huu, na wote mlinunua hiyo hiyo. Kuna dada mmoja wa Kalimoni, Jackie, alikuja hapa akilia mwezi wa tatu. Yeye hata alijaribu kuwa mwangalifu. Kabla hajanunua aliuliza kwenye kundi lenu kama kuna mtu amewahi kuitumia. Kundi la watu mia na kitu. Hakuna aliyejibu."

Ndila aliikumbuka siku hiyo. Mashine ilikuwa tayari chini ya leso, naye alikuwa anakula ugali, simu ikalia, akausoma ujumbe mzima: "Niaje wakubwa, kuna mtu amejaribu hii ofa? Ni poa?" Aliusoma mara mbili, akaigeuza simu kifudifudi, akamaliza kula.

"Pole, madam," Ouma alisema.

"Asante," alijibu, akaifunga maiti yake kwenye gunia.

Jumamosi mchana alifunga mlango wa duka, akachukua kijitabu cha mazishi ya Muoki kilichobaki, akakiskani kwenye laptopu ya kuazima. Wazo lilikuwa limemjia njiani kutoka Thika, na lilikuwa wazo baya, naye alilijua kuwa baya, lakini mtu aliyechoka hachagui wazo. Angemvua Muoki ile suti na kumvalisha shati. Angempunguzia mng'ao wa ngozi. Angeirudisha ile mistari ya serikali. Kisha angemchora kovu lake. Kanini macho yake ni ya kizee, na fundi wa mawe angeipokea. Nani angejua?

Shati lilikaa vizuri. Ngozi ikakubali. Ndila akaikuza picha mpaka nyusi zikajaa kioo kizima, akashika kipanya, akakishusha ili aanze kovu. Mkono ukasimama.

Lilikuwa kwenye nyusi gani?

Alifumba macho. Ya kulia? Alijaribu kukiona kile kitambulisho juu ya skana, kile kitambaa cha mkononi, vidole vya mjane. Vidole aliviona. Kovu hakuliona. Alikuwa amelifuta kwa sekunde tatu, pengine nne, huku akiongea na mteja mwingine habari za rangi ya jalada, na mtu aliyebaki kichwani mwake alikuwa huyu wa suti, huyu aliyemtengeneza mwenyewe. Muoki wa Gatuanyaga hakuwahi kumtazama hata siku moja.

Basi Ndila akafanya kitu ambacho hakukifanya Februari wala Machi wala Mei. Alilia, kwa sauti, duka likiwa limefungwa na marehemu wote wenye suti wakimtazama kutoka ukutani. Alipomaliza alikifuta kile alichokitengeneza, na hakukihifadhi popote.

Jumatatu alikwenda Gatuanyaga. Alimkuta Kanini uani ameketi kwenye kigoda, anachambua maharagwe kwenye ungo, kisima cha zamani nyuma yake kimefunikwa bati na mawe. Kanini hakuuliza amefuata nini. Alimwita mjukuu alete chai, na Ndila akasema hapana, mwaitu, chai baadaye, kwanza nisikize.

Akasema yote. Alisema ofa, muhuri, kinga, diski. Alisema mashine haikuwa kwa fundi, ilikuwa chini ya meza, na siku ile ya Mei alipokuwa amevua viatu mlangoni ilikuwa pale pale. Hakuusaza hata ule mpango wa Jumamosi wa kuchora kovu la bandia, ingawa hapo ulimi ulimwia mzito kama jiwe la kusagia. Kanini aliendelea kuchambua. Punje mbovu alizitupia kuku, nzima akazisukuma pembeni.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Kuibiwa si kosa lako," Kanini alisema. "Wezi wapo, hata hapa wamechukua mbuzi wangu wawili. Lakini kunipandisha gari mara tatu, Ndila, na magoti haya! Kunitazama usoni ukaniambia kipuri! Hilo halikufanywa na mwizi yeyote. Hilo ni lako."

"Ni langu, mwaitu."

"Ungeniambia Machi ningepata muda wa kutafuta kwingine."

Aibu ilimpanda Ndila mpaka masikio yakachemka. Kanini aliweka ungo chini, akapangusa mikono kwa upindo wa leso, akalitazama lile bati la kisima.

"Unajua kwa nini naitaka ile?" aliuliza. "Unadhani ni ukaidi wa kizee."

"Sijadhani hivyo."

"Umedhani. Hata mabinti zangu wanadhani." Akaashiria kisima kwa kidevu. "Hicho tulikichimba wenyewe, mwaka tulioingia hapa. Yeye chini, mimi juu na kamba. Yeye anajaza ndoo, mimi navuta. Siku moja nikasikia watu wanapita barabarani wanaimba, harusi ya watu, nikageuza shingo nitazame. Nilikuwa msichana tu. Kamba ikaniponyoka. Ndoo imejaa mawe."

Akagusa nyusi yake mwenyewe, ya kushoto.

"Alipanda na damu mpaka kifuani. Nikajua leo nitapigwa, nirudishwe kwetu. Majirani wakaja mbio. Akawaambia jiwe limechomoka ukutani. Mamake alipouliza, jiwe. Watoto walipokua wakauliza, jiwe. Miaka arobaini na minane, Ndila. Tumegombana humu ndani hadi sufuria zikaruka, na hata siku hizo hakulitaja. Kila asubuhi nilikuwa nikimtazama naona mkono wangu, na naona amenifichia." Akarudisha kidole kwenye nyusi. "Kisha siku ya mazishi napewa kile kijitabu kanisani. Nikatafuta. Hakuna. Uso kama wa mtoto. Nikasema, haya, sasa hata mimi na yeye hatujuani tena."

"Ungeniambia, mwaitu, ningelirudisha siku ile ile."

"Ningekuambia nini, mbele ya mabinti zangu?"

Kuku walidonoa zile punje mbovu. Ndila alitaka kuomba msamaha lakini neno lenyewe lilionekana dogo mno kwa kazi hiyo, na kwa sababu alikuwa mtu wa karatasi, akili yake ikakimbilia karatasi.

"Mwaitu, mzee aliwahi kuandikishwa mahali? Popote pale, wakataka nakala ya kitambulisho?"

"Nchi hii ni nani hajaandikishwa? Mbolea. Maziwa..." Kanini akasita. "Kikundi cha maji. Mwanzia hatupi karatasi, hata ya sukari."

Mwanzia, katibu wa kikundi cha maji, alikaa mwendo wa robo saa kwa miguu, na kwa magoti ya Kanini ikawa nusu saa. Alikuwa mzee mkavu aliyevaa koti la shule ya zamani, na karatasi zake alizitunza kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Alipekua moja moja, akilamba kidole, akiwataja wanachama kwa sauti, walio hai na waliotangulia. Alipofika kwa Muoki alichomoa karatasi.

Ilikuwa nakala ya nakala. Kalamu ya mtu ilikuwa imeandika namba pembeni, na mchwa walikuwa wameonja kona moja. Uso ulikuwa mweusi tititi, macho hayaonekani, mdomo hauonekani, kila kitu mashine ya kunakili imekila. Ila pale juu, kwenye nyusi ya kushoto, ulipita mstari mweupe mwembamba, kama uzi umeangukia karatasi.

Kanini alijaribu kuupangusa kwa kidole, akidhani ni uchafu. Haukutoka. Akashusha pumzi ndefu, akaketi kwenye kitanda cha Mwanzia bila kuomba ruhusa.

"Ndiye," alisema.

"Lakini haitoki hapa," alisema Mwanzia. "Hii ni mali ya kikundi. Karatasi ya kikundi haitoki bila barua."

"Mwanzia! Ni mume wangu!"

"Ni mume wako, sikatai. Lakini pia ni mwanachama namba kumi na saba."

Hapakuwa na njia ila kungoja. Mwanzia aliandika barua ya kuazimisha, polepole, kwa mwandiko wa kupendeza, akaitia sahihi. Kisha akatoa muhuri mfukoni, akaupulizia pumzi ya moto, akaugandamiza. Muhuri wa duara, wa buluu. Ndila aliutazama. Herufi ya kwanza ya neno "Kikundi" ilikuwa imeinama kidogo, kosa la mkono wake mwenyewe, mwaka ule mashine ya mihuri ilipokuwa mpya.

"Sasa ni halali," alisema Mwanzia kwa kuridhika.

"Ndiyo, mzee," Ndila alijibu. "Asante sana."

Alitaka kuichukua karatasi aende nayo, lakini Kanini alikuwa ameshaitia kwenye kiondo, katikati ya kitabu cha nyimbo. Safari hii, alisema, anakwenda naye mwenyewe. Wakaondoka pamoja, wakaingia Gatongora jua likianza kuinama. Kanini aliketi kwenye benchi lile lile. Ndila aliiondoa leso chini ya meza, akaikunja, akampa ajifunike magoti. Mashine ilibaki pale wazi, na Kanini akaitazama kidogo tu kisha akaangalia kwingine.

Laptopu ya kuazima ilikuwa nzito kuamka. Wakati inajikokota Ndila alichukua simu, akafungua kundi la wachapaji, akaandika.

"Unamwandikia nani?" Kanini aliuliza.

"Watu mia na kitu."

"Unawaambia nini?"

"Kwamba niliuziwa mbuzi kwenye gunia. Wasinunue."

"Na kwamba ulimnyamazia yule msichana wa Kalimoni?"

Ndila alikuwa amemsimulia njiani. Kidole kilitulia juu ya kioo. Kisha akaongeza mstari mmoja, jina la Jackie likiwemo, na jina lake mwenyewe, na mahali duka lilipo, akautuma kabla moyo haujageuka. Simu ikaanza kulia mfululizo. Hakuigeuza kifudifudi, ila hakuisoma, aliiacha ilie.

Akaweka karatasi ya Mwanzia juu ya skana, akafunika. Mwanga ukapita chini yake. Muoki akatokea kwenye kioo, mkubwa, mweusi, na kompyuta ikauliza papo hapo kama picha irekebishwe, kwa kuwa haiko wazi.

"Nimpunguzie weusi kidogo, mwaitu?" Ndila aliuliza. "Kovu silishiki. Ni macho tu yaonekane. Pale kaburini watu hawatamjua."

Kanini aliinuka kwa kushika meza, akasogeza uso mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Akakipangusa kwa upindo wa leso. Kisha akaweka kidole juu ya ule mstari mweupe, akakiacha hapo.

"Watu wana ile ya suti," alisema. "Huyu mwache."

Ndila akaondoa mkono kwenye kipanya.